Ijue ardhi yako kabla ya kujenga, kuchimba choo na kulima bustani

Wasikilizaji wetu wa mwambao huuliza kwa nini nyumba mpya hupasuka kuta, au kwa nini choo kilichochimbwa kiangazi hujaa maji masika. Mara nyingi jibu lipo chini ya miguu. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuujua udongo wa kiwanja chako kabla ya kutumia fedha.

Kihagara ipo wilayani Nyasa, mkoani Ruvuma, kwenye mwambao ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Karibu na ziwa kuna mchanga. Mabondeni kuna udongo ulioletwa na mito. Ukipanda kuelekea milimani unakutana na udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Kwa hiyo kilichomfaa ndugu yako wa mlimani huenda kisikufae wewe wa ufukweni.

Jinsi ya kupima

Chimba hadi usawa wa goti, chukua udongo, uloweshe kidogo na uufinyange. Usiposhikana, ni mchanga. Ukishikana lakini ukakatika unapouviringisha, ni tifutifu. Ukitoa kamba nyembamba inayokunjika kama pete, ni mfinyanzi.

Kisha jaza maji kwenye shimo hilo, yaache yanywee, ujaze tena. Yakiisha kwa dakika chache, ardhi hiyo inapitisha maji haraka. Yakiwa bado yapo kesho yake, haipitishi.

Kipimo cha tatu ni kina cha maji ya ardhini. Kipime mwishoni mwa masika. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kila mwaka: kwa kawaida huwa juu kabisa karibu na Aprili na Mei, na chini kabisa karibu na Novemba na Desemba. Karibu na ufukwe, maji ya ardhini hufuata ziwa. Shimo kavu la Novemba haliwezi kukuambia hali ya Mei.

Ziwa hubadilika pia kwa miaka mingi. Kati ya 1915 na 1935 lilikuwa limeshuka kiasi kwamba halikutoa maji kwenda Mto Shire, huko Malawi. Mwaka 1980 lilikuwa juu sana. Kabla ya kununua kiwanja cha ufukweni, waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Nyumba

Mchanga hubeba nyumba vizuri ukibaki mahali pake. Adui yake ni maji yanayouchota chini ya msingi. Weka mfereji wa kuyatoa maji ya paa mbali na ukuta, wala usichimbe shimo la choo au la taka karibu na msingi.

Mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na ukuta hupasuka. Shusha msingi chini ya mwisho wa nyufa unazoziona kiangazi, tumia mawe, na funga mkanda wa zege juu ya msingi.

Kwenye mteremko, kosa linalojirudia ni kukata kilima na kumwaga kifusi upande wa chini, kisha kujenga nusu ya nyumba juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya kifusi. Kifusi hushuka, nyumba hukatika katikati. Msingi wote ufike ardhi ngumu.

Choo

Hapa kosa la udongo linaweza kuleta kuhara na kipindupindu. Mchanga hupitisha maji machafu haraka kabla hayajachujwa, nayo hufika kisimani. Weka choo angalau mita 30 kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini ya masika.

Shimo la mchangani huporomoka, hivyo lijengewe kwa tofali zilizochomwa vizuri au pete za zege. Sehemu ya chini acha nafasi za kupitisha maji. Usimruhusu mtu kushuka kwenye shimo refu la mchanga lisilojengewa: mchanga huua.

Maji yakiwa karibu, usiongeze kina. Jenga choo kilichoinuliwa chenye ngazi, au mashimo mawili mafupi ya kutumia kwa zamu.

Kwenye mfinyanzi tatizo ni kinyume: shimo hujaa. Maji ya kuoga yapelekee shimo lake. Kwa choo cha kuvuta maji, mtaro mrefu uliojazwa mawe hunywesha maji vizuri kuliko shimo moja refu.

Bustani

Mchanga hauhifadhi maji wala mbolea. Mwagilia kidogo kidogo mara kwa mara, changanya samadi iliyooza au mboji, na funika udongo kwa nyasi. Mhogo huvumilia mchanga, lakini kwenye mfinyanzi unaotuama maji huoza. Huko upande juu ya matuta.

Kwa mteremko tunao walimu jirani. Wamatengo wa Mbinga hulima ngolo: hupanga nyasi zilizokatwa kwa miraba, huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Hubaki shimo lenye matuta pande nne. Shimo hukamata mvua na udongo, nyasi huoza kuwa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharage, kisha mahindi.

Kabla ya kununua saruji, mwite afisa afya wa kata aangalie mahali pa choo, na afisa ugani auone udongo wa bustani. Shimo la kupimia ni kazi ya asubuhi moja kwa jembe ulilonalo nyumbani.