Kushindana ni Kutafuta Pamoja

Maneno yana nasaba kama watu, na anayeifuatilia nasaba ya neno hukutana na jamaa asiowatazamia. Tukitwae kitenzi cha Kiingereza compete, ambacho sisi hukifasiri "kushindana". Kiliingia katika lugha hiyo karne ya 17 kutoka Kilatini, competere, neno lenye viungo viwili: com, yaani "pamoja", na petere, yaani "kutafuta" au "kuelekea". Hapo kale maana yake ilikuwa kukutana na kuafikiana. Maana ya kugombea kitu kimoja ilifuata baadaye.

Kiswahili kimefika hapo kwa njia yake. Mtu aweza kushinda peke yake, lakini hawezi kushindana peke yake. Kiambishi -an- humdai mwenzake.

Jambo hili laonekana hata mbali na bahari. Ukitoka Kaniha, wilayani Biharamulo, ukaelekea mashariki, utafika Usukuma. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijaribu kuwavuta watazamaji. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Kikundi kimoja kikiondoka uwanjani, kinachobaki hakina wa kumshinda.

Nasi wa pwani tunayo malumbano. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi. Kwa desturi ya malumbano, anayejibu huifuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia. Ili amshinde, hana budi kwanza kumsikiliza.

Lakini ugomvi wa miji hiyo haukuishia katika beti. Huko Shela watu wa Lamu waliyavunja majeshi ya Mombasa na Pate. Je, nani alishinda? Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, naye akawapelekea liwali wake. Mombasa nayo iliangukia mikononi mwake mwaka 1837. Miji miwili iliyotaka kutawalana ikaishia chini ya mtawala mmoja.

Mashairi hayakupatwa na hayo. Ya Muyaka yalichapishwa katika diwani mwaka 1940, na ya wapinzani wake wa Lamu bado yanasomwa. Tena husomwa pamoja, kwa kuwa jibu halieleweki bila ya swali lake. Vita vilitaka upande mmoja unyamaze. Malumbano yaliwataka wote wawili waseme. Anayetamani kumnyamazisha mpinzani wake, katika ushairi au katika siasa, na akumbuke kwamba siku atakapofaulu hatakuwa tena anashindana na mtu.