Kadi Haisomi, au Haisomeki?

Neno "haisomi" liliingia kwenye karakana za kompyuta bila kupita kwenye baraza lolote la lugha. Flashi haisomi, laini haisomi, diski haisomi. Fundi akilitamka, mteja anajua papo hapo kwamba hasara iko njiani. Kisarufi lina kioja chake: flashi ndiyo inayosomwa, ila sentensi imeigeuza kuwa msomaji. Kiswahili hakioni taabu kufanya hivyo. Chumba hulala watu watano, ingawa chumba chenyewe hakifumbi jicho.

Nalipenda neno hili na sitamwambia fundi yeyote aliache. Lakini kipo kifaa kinacholishinda: kadi ya kudhibiti diski, ile inayochomekwa kwenye mazabodi ili kompyuta ibebe diski nyingi kuliko inavyoruhusu milango iliyokuja nayo. Wanaojiundia seva ndogo hupenda kununua zilizotumika, na mojawapo ya zinazotafutwa sana ni LSI 9211-8i, kadi ya enzi ya PCI Express 2.0 inayobeba diski 8 kupitia soketi mbili. Ichomeke kwenye bodi mpya, washa, kisha useme haisomi. Umesema nini?

Pengine haisomwi. Bodi haijaiona kabisa. Bodi nyingi za leo zina sloti ndefu yenye umbo la njia 16 lakini ndani zimeunganishwa njia 4 tu. Hilo halina neno, kwani kadi ya njia 8 itafanya kazi humo, kwa kasi pungufu. Tatizo ni sloti inayozimika SSD ya M.2 inapowekwa kwenye soketi inayogawana nayo njia. Kadi nzima, sloti nzima, na hakuna kinachoonekana. Jibu limo kwenye kitabu cha bodi, katika jedwali dogo ambalo wengi hulipita.

Au haisomeki. Kauli hii tunaijua kutoka kwa hati za madaktari: maandishi yapo, macho yanayaona, maana haipatikani. Kadi hizi hubeba kijiprogramu chao cha kubuti, na nyingi za zamani zina kile cha BIOS peke yake. Bodi mpya hubuti kwa UEFI. Kwa miaka mingi palikuwa na mkalimani kati yao, aitwaye CSM, lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kumwondoa ifikapo 2020, na katika bodi nyingi za sasa hayupo au amezimwa. Matokeo yake, ule ukurasa wa kadi uliokuwa ukifunguka kwa kubonyeza Ctrl na C hautokei tena, na aliyeuzoea huitangazia kadi msiba. Mapema mno! Kama mfumo endeshi uko kwenye diski nyingine, Linux ikishapanda itazungumza na kadi yenyewe, bila kukihitaji kijiprogramu kile.

Tena inaweza kusomeka ikakosa msomaji. Mwaka 2019 Red Hat Enterprise Linux 8 ilitoka ikiwa imeondoa uwezo wa kutumia chipu ya SAS2008, ambayo ndiyo moyo wa 9211-8i. Amri ya lspci inaitaja kadi kwa jina, diski hata moja haionekani. Inayokosekana ni programu ya kuiendesha, na hapa istilahi zetu rasmi hazisaidii: wapo wanaoiita programu hiyo kiendeshi, na wapo wanaoiita diski yenyewe kiendeshi. Jaribu kumweleza mtu kwamba kiendeshi cha kiendeshi hakipo. (Programu dhibiti ya kidhibiti nayo ina adha hiyohiyo.)

Hali ninayoipenda kuliko zote ni ya kadi isiyosomesha. Mtaani anayesomesha ni mzazi anayelipa ada, lakini kitenzi kina nafasi ya maana nyingine. Baadhi ya kadi zilizotengenezewa seva za Dell, kama PERC H310, zikichomekwa kwenye bodi za kawaida huizuia kompyuta nzima kuwaka. Chanzo ni nyaya mbili za SMBus, ambazo bodi huzitumia pia kuiuliza RAM ukubwa na kasi yake. Kadi ikiziingilia, bodi haipati jibu, inakwama kabla ya picha yoyote. Kadi ndiyo inayolaumiwa kwa kutosoma, kumbe inaizuia bodi kusoma RAM. Mafundi huziba pini za B5 na B6 kwa kipande chembamba cha tepu, kompyuta ikawaka.

Hakuna hata moja kati ya kauli hizi iliyohitaji kikao cha istilahi. Kutendwa, kutendeka na kutendesha tulivifundishwa shule ya msingi, vikaishia kwenye mitihani. Watunga kamusi za kompyuta wangefanya vyema kuanzia karakana, kwenye vitenzi, badala ya kutuletea nomino nyingine ya kifaa ambacho tayari kina jina dukani.

Nawe mwenye kadi, ukiambiwa haisomi, uliza kwanza kama lspci inaiorodhesha. Usilipie nyingine kabla ya jibu hilo.