Eye of the Beholder: sura na utu katika The Twilight Zone

Eye of the Beholder ni sehemu ya 6 ya msimu wa pili wa The Twilight Zone, mfululizo wa tamthilia za kinjozi wa Marekani. Ilirushwa kwa mara ya kwanza na CBS usiku wa Ijumaa, tarehe 11 Novemba 1960. Muswada ni wa Rod Serling, mwanzilishi wa mfululizo huo, na mwongozaji ni Douglas Heyes. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ya dakika 25 hivi. Baadhi ya nakala zilizorudiwa hewani baadaye zina jina The Private World of Darkness, ila kisa ni kile kile. Tamthilia hii hutajwa mara kwa mara kuwa funzo la uzuri wa ndani kuushinda uzuri wa sura. Sifa hiyo inastahili, lakini wengi huielekeza kwa mhusika asiye wake.

Kisa

Janet Tyler amelala hospitalini, kichwa kizima kimezungushiwa bendeji, akisubiri kujua kama matibabu ya 11 yameirekebisha sura yake. Hayo ndiyo ya mwisho anayoruhusiwa na dola. Kumbukumbu yake ya kwanza maishani ni ya mtoto mwenzake aliyepiga ukelele alipomwona. Haombi urembo, anaomba tu uso ambao watu hawataukimbia. Matibabu yakishindikana, atapelekwa kuishi katika kijiji walikotengwa wenye hali kama yake. Kuna jingine pia, ambalo daktari analigusia kwa upole wa kutisha: kwa baadhi ya watu wasiotakiwa, sheria ya nchi hiyo inaruhusu hata kuwaua.

Bendeji zinafunguliwa mkunjo baada ya mkunjo. Chini yake anatokea mwanamke kijana mwenye nywele za rangi ya dhahabu, mrembo kwa kipimo chochote cha Hollywood ya miaka ile. Daktari anarudi nyuma kwa masikitiko: hakuna mabadiliko. Taa zinawashwa, na hapo ndipo mtazamaji anapoziona kwa mara ya kwanza nyuso za wanaomtibu: pua zilizobinuka kama za nguruwe, midomo iliyopinda, macho yaliyozama chini ya paji nene. Janet anakimbia akilia kutoka korido hadi korido, huku kila ukuta ukiwa na skrini ambayo Kiongozi wa nchi, mwenye uso wa aina hiyo hiyo, anahubiri kwamba taifa haliwezi kusimama watu wake wasipofanana. Anaangukia mbele ya Walter Smith, kijana mtanashati ambaye huku naye ni kituko, aliyekuja kumpeleka kijijini. Smith anamfariji kwa msemo mkongwe ulioipa tamthilia jina lake, kwamba uzuri umo machoni mwa anayetazama. Mswahili angemwambia kwamba mwenye kupenda chongo huita kengeza. Wanaondoka pamoja.

Jinsi nyuso zilivyofichwa

Kisa chote kinasimama juu ya siri moja, nayo ni siri ya kamera. Kwa muda mrefu wa tamthilia, hospitali imejaa watu wanaozungumza, wanaovuta sigara, wanaosukuma vitoroli, na hakuna hata uso mmoja unaoonekana. Heyes na mpiga picha George T. Clemens waliwapiga kwa nyuma, wakawasimamisha gizani, wakawafuata kwa mikono na vivuli, na mara nyingine wakaiweka kamera mahali pa macho ya Janet mwenyewe, ikitazama kupitia bendeji. Mtazamaji hashuku, kwa kuwa anadhani kinachofichwa ni uso wa mgonjwa. Muziki wa Bernard Herrmann, ambaye mwaka huo huo alitunga muziki wa filamu ya Psycho, unaiongeza hofu hiyo ya uongo.

Nyuso zenyewe zilibuniwa na William Tuttle, mkuu wa idara ya upodoaji ya studio ya MGM. Miaka michache baadaye Tuttle alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa filamu ya 7 Faces of Dr. Lao ya 1964, wakati ambapo tuzo ya kila mwaka ya upodoaji ilikuwa bado haijaanzishwa. Kazi yake katika Eye of the Beholder ni kubwa kwa sababu nyuso hizo si za majini. Zinafanana kama za ukoo mmoja, hivi kwamba mtazamaji anaelewa mara moja kuwa huku ndiko kuwa mtu wa kawaida.

Nafasi ya Janet ilichezwa na waigizaji wawili. Maxine Stuart ndiye aliyekuwa ndani ya bendeji, na sauti yake nzito yenye nguvu haimpi msikilizaji fununu yoyote ya msichana mrembo. Bendeji zilipofunguliwa, aliyetokea ni Donna Douglas, mzaliwa wa Louisiana aliyekuwa Miss New Orleans mwaka 1957, na ambaye kuanzia 1962 angejulikana na Wamarekani wote kwa jina la Elly May katika vichekesho vya The Beverly Hillbillies. Ilikusudiwa sauti ya Stuart itumike hata hapo. Lakini Douglas alikaa akimsikiliza mwenzake wakati wa kurekodi, akaiga lafudhi na pumzi zake, na mwishowe maneno machache ya Janet asiye na bendeji yakasemwa na yeye mwenyewe.

Utu uko kwa nani

Mtu akiulizwa ni nani katika kisa hiki mwenye thamani iliyofichika, atajibu haraka kuwa ni Janet. Jibu hilo halina ushahidi. Tunachokijua juu ya Janet ni kwamba ana uchungu, hofu na hamu ya kukubalika. Hatujaonyeshwa wema wake, wala akili yake, wala ukarimu wake. Zaidi ya hapo, tunapomwona tunamhurumia kwa macho yale yale ambayo tamthilia inatuambia tusiyaamini. Anatuuma kwa sababu ni mrembo kwetu. Laiti chini ya bendeji kungekuwa na uso ambao hata sisi tungeukwepa, mtihani ungekuwa mgumu zaidi, na huenda wadhamini wa televisheni wasingeukubali.

Utu uko upande wa pili. Heyes alipowachagua waigizaji wa hospitali aliwasikiliza bila kuwatazama, kwa kuwa alitaka sauti zenye huruma. Kwa hiyo mtazamaji anakaa muda wote huo na Dk. Bernardi (William D. Gordon) akimjua kwa sauti tu: daktari aliyechoka, anayempenda mgonjwa wake, anayejiuliza mbele ya muuguzi kwa nini watu wasiruhusiwe kutofautiana. Muuguzi anamwonya kuwa maneno hayo ni uhaini. Kisha taa zinawaka na mtu huyo mwema anageuka kuwa na pua ya nguruwe. Wengi hushtuka na kumsahau hapo hapo. Ukiirudia tamthilia mara ya pili, ukiwa unaijua siri, utaona kwamba hakubadilika: baada ya taa kuwaka bado anazungumza kwa upole, bado anahuzunika kwamba ameshindwa. Tulimpenda kwa masikio kisha tukamkataa kwa macho, ndani ya nusu saa moja. Hapo ndipo Serling na Heyes walipolishika suala la sura na utu kwa mkono wa kweli, na inashangaza kwamba maelezo mengi juu ya tamthilia hii hupita kando ya daktari huyo.

Kuna doa pia. Upole wa daktari hauvunji sheria yoyote. Anamhurumia Janet na bado anamtia mikononi mwa mfumo unaomtenga. Na suluhisho ambalo tamthilia inalitoa kama faraja, yaani kwenda kuishi na wa aina yako mahali ambapo utapendwa, ni lile lile ambalo watetezi wa ubaguzi wa rangi wa Marekani walikuwa wakilisifu.

Serling na wakati wake

Serling, aliyezaliwa Syracuse, New York, tarehe 25 Desemba 1924, alikuwa askari wa miamvuli nchini Ufilipino katika Vita Kuu ya Pili, kisha akapata jina kwa tamthilia za uhalisia kama Patterns ya 1955. Aliingia kwenye njozi kwa kufukuzwa. Mwaka 1956 aliandika Noon on Doomsday, iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Wadhamini na wakuu wa televisheni waliikatakata: aliyeuawa akageuzwa kuwa mgeni asiyejulikana atokako, na mahali pakahamishwa kutoka Kusini hadi New England. Serling akatambua kwamba jambo asiloruhusiwa kuliweka kinywani mwa mwanasiasa wa Kusini angeweza kuliweka kinywani mwa kiumbe wa sayari nyingine. The Twilight Zone ilianza 1959, ikafika sehemu 156 hadi 1964, na 92 kati ya hizo aliziandika mwenyewe.

Sheria inayoadhibu sura haikuwa njozi tupu. Mwaka 1881 jiji la Chicago lilipitisha amri ya kuwazuia watu wenye ulemavu unaoonekana au maumbile yaliyodhaniwa kuchukiza wasijionyeshe barabarani. Amri hiyo ilifutwa 1974, kwa hiyo ilikuwa bado kwenye vitabu usiku Janet Tyler alipofunguliwa bendeji. Siku tatu baada ya usiku huo, tarehe 14 Novemba 1960, msichana mweusi wa miaka 6, Ruby Bridges, aliingia shule ya William Frantz huko New Orleans akilindwa na maafisa wa serikali kuu, huku umati wa wazungu ukimzomea. Mtazamaji wa wiki hiyo hakuhitaji kuelezwa nini maana ya watu wazima kuukunjia sura uso wa mtoto. Hata hivyo, waigizaji wa Eye of the Beholder ni wazungu, na uzuri unaowekwa kama mfano ni wa mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu. Istiari ilimwezesha Serling kupita mlangoni, lakini aliyesemewa alibaki nje.

Sehemu nyingine zenye mada hii

The Masks, ya tarehe 20 Machi 1964, nayo iliandikwa na Serling, ikaongozwa na Ida Lupino, mwanamke pekee aliyeongoza sehemu ya mfululizo wa awali. Tajiri anayekaribia kufa huko New Orleans anawalazimisha jamaa zake wenye tamaa kuvaa vinyago vibaya hadi saa sita ya usiku wa Mardi Gras, la sivyo watakosa urithi. Wanapovivua, nyuso zao zimekuwa kama vinyago. Ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, uliolazimishwa kujitangaza. Inafurahisha kuitazama, lakini inarudi kwenye imani ile ile ambayo Eye of the Beholder iliipiga vita, kwamba uso mbaya ni alama ya roho mbaya.

Number 12 Looks Just Like You, ya tarehe 24 Januari 1964, inatokana na hadithi ya Charles Beaumont. Katika kisa hiki kila kijana akifika miaka 19 anachagua sura moja kati ya chache zilizoidhinishwa na kugeuzwa. Marilyn anakataa, mwishowe anageuzwa, na anatoka akijifurahia kwenye kioo kwa kuwa amefanana na rafiki yake Valerie. Mwanamitindo mashuhuri Suzy Parker anacheza wanawake kadhaa, na Richard Long wanaume kadhaa, hila rahisi iliyookoa fedha na wakati huo huo kueleza kisa.

Mwaka 2003, katika The Twilight Zone iliyofufuliwa na kituo cha UPN, Eye of the Beholder ilitengenezwa upya kwa muswada wa Serling karibu neno kwa neno, safari hii kwa rangi. Giza la Clemens halikupatikana tena, na watazamaji wengi walikwisha kuijua siri kabla taa hazijawashwa. Aliyechaguliwa kuwa Janet alikuwa Molly Sims, naye ni mwanamitindo.