Viza ya Schengen: Kutoka na kurudi mpakani hakuongezi siku

Mama amekwenda Ujerumani kumwona mjukuu. Viza yake ni ya siku 90, zimebaki siku chache, na mzazi bado hajapata nguvu. Ndipo mtu wa karibu anapotoa ushauri: "Mpelekeni nchi ya jirani siku mbili tatu, akirudi ataanza kuhesabiwa upya."

Swali la namna hii hutufikia mara nyingi kwenye kipindi, hasa kutoka kwa familia zenye watoto wanaoishi Ulaya. Jibu fupi ni hapana. Hesabu haianzi upya, na anayefuata ushauri huo anaweza kufungiwa mlango kwa miaka. Hapa tunaeleza kwa nini, na njia zipi zipo.

Imani hii inatoka wapi?

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea mipaka ya aina nyingine. Mtu wa Arusha huvuka Namanga kwenda Nairobi, wa Bukoba hupita Mutukula kwenda Kampala. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa kibali cha kuingia na kukaa hadi miezi sita. Akitoka na kurudi, hugongewa muhuri mwingine. Wengi huamini kwamba Ulaya nako muhuri mpya huleta siku mpya. Sivyo.

Schengen ni nini?

Schengen ni kijiji cha Luxembourg ambako mwaka 1985 nchi tano zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo nchi za ukanda huo ni 29. Zimo Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia na Uhispania, na pia Uswisi na Norway ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo.

Kwa mgeni mwenye viza ya muda mfupi, nchi hizo 29 huhesabiwa kama nyumba moja. Kutoka Ujerumani kwenda Uholanzi ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kanuni ya siku 90 ndani ya 180

Mgeni haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Neno la kuzingatia ni "chochote". Kipindi hicho hakianzi Januari, wala hakianzi siku unaporudi. Kila siku unayokuwa ndani ya ukanda, afisa hurudi nyuma siku 180 na kuhesabu siku ulizokaa. Siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka pia.

Tuchukue mfano. Mama ameingia tarehe 1 Machi. Machi ina siku 31, Aprili 30, hapo ni 61. Siku yake ya 90 ni tarehe 29 Mei, na siku hiyo lazima awe ametoka. Akienda London, ambako atahitaji viza nyingine kabisa ya Uingereza, kisha akataka kurudi Ujerumani tarehe 5 Juni, afisa akihesabu nyuma ataziona siku 90 zote. Mama hana hata siku moja. Tarehe ya mapema zaidi anayoweza kurudi ni 28 Agosti, na hapo ni lazima awe na viza inayomruhusu.

Soma stika ya viza yako

Kwenye stika kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni tarehe ambazo viza inaanza na kwisha kutumika. La pili ni idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, ambazo zinaweza kuwa chache kuliko tarehe hizo zinavyoonyesha. Mtu anaweza kupewa viza yenye uhai wa siku 45 lakini ruhusa ya kukaa siku 30 tu. La tatu ni idadi ya mara za kuingia: 01, 02, au MULT, yaani mara nyingi. Mwenye 01 akishatoka nje ya ukanda, viza yake imekwisha kazi, hata kama siku zimebaki.

Mashine sasa inahesabu

Zamani afisa alipekua kurasa akitafuta mihuri. Tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia, kwa hatua, mfumo wa kielektroniki unaosajili alama za vidole, picha ya uso, na tarehe za kuingia na kutoka. Mfumo wenyewe hutambua aliyepitiliza.

Anayepitiliza anaweza kutozwa faini, kurudishwa, au kupigwa marufuku kuingia katika nchi zote za ukanda. Ombi lake lijalo la viza pia huwa gumu. Kuna na jambo ambalo familia husahau: bima ya safari, inayotakiwa kufikia angalau euro 30,000, hununuliwa kwa siku za safari. Mzee mwenye presha akilazwa baada ya siku hizo, bili ya hospitali inaweza kumwangukia mwanawe aliyemwalika.

Njia zilizopo

Kuongeza muda kunawezekana, lakini kwa sababu nzito. Ombi hupelekwa kwa mamlaka ya wageni ya nchi uliyomo kabla muda haujaisha. Kama kuna dharura isiyozuilika au sababu ya kibinadamu, mfano ugonjwa unaomzuia mtu kupanda ndege, nyongeza hutolewa bila malipo. Kwa sababu kubwa za kibinafsi, ada ni euro 30. Vyote huhitaji ushahidi, kama barua ya daktari. Kutamani tu kukaa zaidi hakutoshi.

Anayejua mapema kwamba atahitaji zaidi ya siku 90 aulize ubalozini, kabla ya kusafiri, kuhusu viza ya muda mrefu ya nchi husika. Masharti yake ni mengine na hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Familia inaweza pia kugawa siku. Mwenye viza ya MULT akikaa siku 40 wakati wa kujifungua na kurudi nyumbani, bado ana 50 za kutumia ndani ya kipindi kilekile, mradi viza haijaisha. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha siku hizo kwenye tovuti yake, bila malipo. Jaza tarehe zako huko kabla ya kukata tiketi ya kurudi.