Mshipi wa Rangi ya Chai

Mara yangu ya kwanza kuvua baharini niliaibika. Ilikuwa Watamu, maji meupe, unaona mpaka mchanga wa chini. Nilikuwa nimebeba mshipi wa baba kutoka Embu, nailoni aliyoichemsha na majani ya chai hadi ikawa kahawia. Mzee mwenye mtumbwi aliutazama akacheka. "Huu ni wa matope, mwanangu." Asubuhi nzima yeye alipandisha changu. Mimi nilipata mmoja, na nadhani alikuwa kipofu.

Baba alikuwa na sababu zake. Alivua Kamburu, bwawa la umeme kwenye Mto Tana lililoanza kazi miaka ya 1970. Tana inashuka na udongo mwekundu wa milimani. Mvua ikinyesha, bwawa lenyewe ni chai ya maziwa. Humo mshipi wa kahawia hauonekani. Mama, mtu wa Meru, alilalamika kwamba majani yake yanaishia kwenye nyuzi. Cucu alikuwa mbaya zaidi. Wazee wetu, Waembu kwa Wameru, hawakula samaki, na sufuria ya baba ililala nje ya jikoni. Lakini perege wale ndio walinilipia karo. Ndiyo maana kicheko cha yule mzee kiliniuma.

Tulipokula, akaniambia kwamba hata mshipi wa babake ulikuwa wa kahawia. Enzi hizo ulikuwa wa pamba, na pamba huoza kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo waliuchemsha na gome la mkandaa. Hakuna aliyechagua rangi. Rangi ilikuja na dawa. Na dawa yenyewe, tanini, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye majani ya chai ya mama!

Kilichobadilisha mambo ni nailoni, iliyotangazwa na DuPont ya Marekani mwaka 1938. Haiozi. Sasa mvuvi angeweza kuuliza: samaki anaona nini? Wauza duka huapa kwamba mshipi mwekundu hupotea majini. Si kweli hasa. Mwanga mwekundu ndio unaomezwa kwanza na maji, kwa hiyo ukishuka mita kadhaa mshipi huo unageuka mweusi-mweusi, na kwenye maji meupe cheusi kinaonekana vizuri tu. Mwaka 1971 kampuni ya Kureha ya Japani ilitoa mshipi wa fluorokaboni, unaopinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Huo ndio wa karibu na ndoana. Wa njano au wa kijani kikali ni wa huku juu, kwa macho ya mvuvi anayekokota chambo akitafuta nguru.

Mzee hakuwa na fluorokaboni. Alikata pima mbili za nailoni nyeupe, akaziunga kwenye mwisho wa ule wa baba, akafunga chubwi na ndoana.

Jioni nilipiga simu nyumbani.

"Ulipata?"

"Changu watatu, baba."

"Na uzi wangu?"

"Uko juu. Chini tumeunga mweupe."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Lakini usiukate."

Sikumwambia kwamba mzee alikuwa ameshaomba kipande.