Kutoka Chumba cha Udhibiti hadi Duka la Busia: Historia ya Kutambua Hitilafu za Volteji katika Mpaka wa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna uwezo wa kupima na kutambua hitilafu za volteji ulivyohama kutoka vituo vya njia kuu ya Tororo, iliyoanza kupeleka umeme Kenya mwaka 1958, hadi vifaa vidogo vinavyouzwa madukani leo. Hoja kuu ni kwamba vifaa vilisambaa lakini istilahi zake hazikusambaa. Kiswahili cha mpakani kinaeleza vizuri umeme unapokosekana kabisa, ila hakijakubaliana kuhusu jina la hitilafu inayoharibu mashine zaidi, yaani volteji iliyoshuka bila kukatika. Pengo hilo lina athari kwa sera.

1.0 Utangulizi

Mji wa Busia uko pande mbili za mpaka. Upande wa Kenya huhudumiwa na Kenya Power. Upande wa Uganda ulihudumiwa na Bodi ya Umeme ya Uganda hadi bodi hiyo ilipogawanywa mwaka 2001, kisha na kampuni ya Umeme kuanzia mwaka 2005, na tangu Aprili 2025 na shirika la umma la UEDCL. Mwenye friji upande mmoja na mwenye kinu cha nafaka upande wa pili hukabiliwa na swali moja: umeme uliopo unafaa kutumika au la? Ili kulijibu, zinahitajika saketi inayopima na lugha inayoweza kutaja kilichopimwa. Historia ya saketi hiyo na historia ya lugha hiyo hazikwenda sambamba.

2.0 Njia ya Tororo na haja ya kupima

Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Mpango wake ulikuwa wa mashine 10 za megawati 15 kila moja, kiwango kilichozidi mahitaji ya Uganda ya wakati ule. Mwaka huohuo Kenya iliunda Kampuni ya Nguvu za Umeme ya Kenya ili kujenga njia ya kusafirishia umeme kati ya Tororo na Nairobi. Mkataba wa mwaka 1955 uliruhusu Kenya kununua megawati 30 kwa miaka 50, na umeme ukaanza kuvuka mpaka mwaka 1958 kwa volteji ya kilovolti 132.

Tororo, ambayo tayari ilikuwa kituo cha reli na mji wa kiwanda cha saruji, ikawa pia mahali ambapo gridi mbili zilikutana. Njia ndefu namna ile ina tabia ngumu. Mzigo ukiwa mkubwa, volteji hushuka kadiri umeme unavyosafiri. Mzigo ukiwa mdogo sana, volteji ya mwisho wa njia huweza kupanda kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo kupima hakukuwa jambo la hiari.

Teknolojia ya zama hizo ilikuwa ya sumaku na chuma. Hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kupokea volti 132,000 moja kwa moja; transfoma ya kupimia hushusha volteji hiyo hadi volti 110, yaani mara 1,200. Volteji ya njia ikipungua kwa asilimia 10, sawa na kilovolti 13.2, rilei huona upungufu wa volti 11 tu. Ndani ya rilei, sahani ya chuma hushikiliwa na nguvu ya sumaku inayotokana na volteji hiyo. Nguvu ikidhoofika chini ya kizingiti kilichowekwa, sahani huzunguka, na baada ya muda uliopangwa hufunga swichi ndogo inayotoa ishara ya hatari au kuamuru njia ikatwe.

Hapa pana jambo la msingi kwa historia hii. Rilei haitambui hitilafu ya aina yoyote. Hutambua kile ambacho watu wameamua kuwa ni hitilafu. Inapaswa kuambiwa kizingiti ni volti ngapi na isubiri kwa muda gani. Gridi mbili zinapounganishwa, mambo hayo hayawezi kuachwa kila upande ujiamulie, kwa sababu mpangilio wa upande mmoja huweza kukata umeme wa upande mwingine. Njia ya Tororo ilidai lugha ya pamoja ya kiufundi. Lugha hiyo ilikuwa Kiingereza.

3.0 Mwaka 1952 na nafasi iliyopotea

Matokeo hayo yalisaidiwa na sera. Mwaka 1952, miaka 2 kabla ya Owen Falls kufunguliwa, Kiswahili kiliondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa katika elimu ya Uganda, isipokuwa katika jeshi la polisi. Mwaka huohuo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere kutoka Nairobi. Hivyo, katika miaka ambayo njia ya Tororo ilipangwa na kujengwa, chombo kikuu cha kusanifisha Kiswahili kilikuwa Uganda, katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zimeagizwa kuachana na lugha hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamati iliondoka Makerere, na kazi yake hatimaye ikaendelezwa Dar es Salaam. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilipotolewa na TUKI mwaka 1990, vituo vya mpakani vilikuwa vimefanya kazi kwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 30.

4.0 Saketi yashuka hadi dukani

Wakati huohuo kifaa chenyewe kilikuwa kikibadilika. Transista, kisha saketi unganishi za miaka ya 1970, ziliwezesha kazi ya sahani ya chuma kufanywa na vipande vinavyotosha kiganjani. Kanuni haikubadilika. Sehemu ndogo ya volteji inayopimwa hupelekwa kwenye kilinganishi, ambacho huilinganisha na volteji ya marejeo isiyoyumba. Ikiwa chini ya kizingiti, rilei ndogo huachia na kifaa hutengwa na umeme. Umeme ukitengemaa, saketi husubiri kwanza, mara nyingi dakika kadhaa, ili shinikizo la gesi katika kompresa ya friji lisawazike kabla ya mota kuwashwa tena.

Umuhimu wa saketi hii huonekana katika hesabu ya mota. Nguvu ya mzunguko ya mota ya kawaida ya friji hupungua kwa kipeo cha pili cha volteji. Volteji ikishuka kutoka volti 240 hadi 192, yaani hadi asilimia 80, nguvu ya mzunguko hubaki asilimia 64. Mota ikishindwa kuzunguka huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na nyaya zake huungua. Umeme ukikatika kabisa, mota hiyo husimama tu bila madhara hayo. Kwa mwenye friji ya chanjo au ya samaki, umeme uliopungua unaweza kuwa hasara kubwa kuliko umeme uliokosekana.

5.0 Msamiati uliopo na pengo lake

Msamiati wa mpakani una utajiri wake. Upande wa Kenya husikika zaidi *stima*, neno lenye asili ya meli na mashine za mvuke. *Umeme*, jina la mwanga wa radi, ndilo neno sanifu. Na Waganda husema *amasannyalaze*. Mafundi wana neno *fezi*, na husema fezi moja imepotea wakati mota ya kinu inapounguruma bila kuzunguka. Hata hivyo, vitenzi vinavyotawala ni *kukatika*, *kupotea* na *kurudi*. Vyote vinachukulia kwamba umeme upo au haupo. Hali ya katikati huelezwa kwa mafungu ya maneno yanayobadilika kutoka mzungumzaji mmoja hadi mwingine: umeme mdogo, umeme hauna nguvu, taa ni hafifu.

Mteja anayeripoti kwamba umeme unasumbua hajampa mhudumu wa simu taarifa inayoweza kuainishwa. Malalamiko ya volteji pungufu yakiandikwa pamoja na ya kukatika, au yasipoandikwa kwa kuwa taa inawaka, mdhibiti huona gridi iliyo nzuri kuliko ilivyo.

Neno *mgao* linaonyesha kwamba istilahi inaweza kuota mizizi haraka. Nchini Tanzania, hasa wakati wa ukame wa mwaka 2006, mgao wa umeme ulitangazwa kwa ratiba, na kila mwananchi akajua tofauti kati ya mgao na hitilafu. Neno lilishika kwa sababu taasisi ililitumia kueleza jambo lililogusa maisha ya watu.

6.0 Hitimisho

Mazingira ya kisera sasa ni tofauti na ya mwaka 1952. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2021. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na wadhibiti wa nishati wa Uganda na Kenya, ina nafasi ya kukubaliana kuhusu istilahi chache: *volteji pungufu*, *volteji zidifu*, *upotevu wa fezi*, *kizingiti* na *muda wa kusubiri*. Kila istilahi ifungamanishwe na kipimo kilichomo katika kanuni za huduma, kisha itumike katika fomu za malalamiko, kwenye maandishi ya vifaa vinavyouzwa na katika mafunzo ya mafundi. Wahandisi wa njia ya Tororo walilazimika kukubaliana kuhusu kizingiti kabla ya rilei kufanya kazi. Watumiaji wa umeme wa Busia na Tororo bado hawajapewa makubaliano ya namna hiyo katika lugha wanayoitumia kuvuka mpaka kila siku.