Vidonge Vyeupe vya Sandukuni

Je, katika sanduku lako la nguo kuna vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo? Vingi hutengenezwa kwa nafthalini. Leo tutazame historia yake.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, makaa ya mawe yalipashwa moto mkali bila hewa ili kupata gesi ya taa. Miongoni mwa mabaki ilikuwamo lami nyeusi nzito. Kutoka kwa lami hiyo wataalamu walipata chembe nyeupe zinazong'aa, na mwaka wa 1821 John Kidd akazipa jina la nafthalini. Mwaka wa 1826 Michael Faraday alionyesha kuwa ni kaboni na hidrojeni tu. Mwaka wa 1866 Mjerumani Emil Erlenmeyer akaeleza umbo lake: pete mbili zilizoshikana ubavuni, mfano wa vyumba viwili vya sega la nyuki. Ndani yake mna kaboni 10 na hidrojeni 8.

Kidonge hiki hupungua bila kuyeyuka. Hugeuka moja kwa moja kuwa hewa. Hewa hiyo huua nondo, lakini pia huingia katika nguo na blanketi.

Hapo ndipo hatari ilipo, mama. Mtoto mchanga akifunikwa blanketi hilo, huivuta hewa hiyo, na ngozi yake huinyonya. Mwilini huumiza chembe nyekundu za damu. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kinga ya chembe hizo, uitwao upungufu wa G6PD, ambao huonekana zaidi sehemu zenye malaria, na hasa kwa wavulana. Kwao chembe hupasuka, damu hupungua na macho huwa manjano. Umanjano ukizidi, ubongo unaweza kuharibika. Tena huwezi kumjua mtoto huyu kwa kumtazama.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vidonge hivi mwaka wa 2008. Wewe usingoje sheria. Usiviweke kwenye nguo za mtoto. Nguo zilizokwisha kukaa navyo, zifue na uzianike juani mpaka harufu iishe kabisa. Ukiona mtoto ana macho manjano, mkojo mweusi, amepauka au hataki kunyonya, mpeleke hospitali mara moja. Aliyemeza kidonge naye apelekwe upesi. Usimtapishe wala usimpe maziwa.

Kinga ni bora kuliko tiba.